Mguu wa Kulia wa Mke Wangu

Mke wangu anafundisha watu udereva, na katika wanafunzi wake wote aliyemshinda ni mimi. Amemfundisha daktari wa meno aliyekuwa akifumba macho kila lori likipita. Amemfundisha jirani yetu mstaafu, mwenye miwani minene kama kitako cha chupa. Na mwaka jana, mimi nikiwa bado nangoja zamu yangu, alimfundisha mama yake mzazi. Naam, mama mkwe wangu ana leseni. Hupita mbele ya karakana yangu ya makochi, akapiga honi, akanipungia mkono kwa heshima zote. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini huyu wangu alinyoa ukoo mzima, akaniruka mimi peke yangu.

Gari lake la shule lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja upande wake. Na ana kanuni ambayo haijapinda tangu afungue shule: hampeleki mtu kwenye mtihani mpaka akae kando yake safari nzima bila kuigusa ile breki yake. Mimi na yeye hatujawahi kumaliza hata mtaa. Nikiondoa gari, mguu wake wa kulia unanyanyuka. Nikikaribia njia panda, unashuka. Gari linasimama ghafla, nami jasho linanitiririka kama nimebeba kochi la watu watatu. Pikapu niliyonunua ya kupelekea wateja mizigo imekaa nje ya karakana mpaka kuku wa jirani wamehamia ndani. Mtu angeniuliza wakati ule nataka nini duniani, ningemjibu bila kufikiri kwamba nataka mguu ule utulie.

Basi tulipotimiza miaka ishirini ya ndoa, wanafunzi wake waliofaulu walichangishana wakatulipia likizo kwenye mji wa pwani, katika hoteli inayopokea wapenzi tu. Nilifurahi mpaka nikashona suruali mpya ya kaptura kwa kitambaa kilichobaki cha kochi, cha maua makubwa. Mke wangu alinitazama, akasema nikikaa sebuleni watu watanikalia. Akawasha gari, akaendesha mwenyewe njia nzima. Mimi nilishika karanga.

Ule mji, jamani! Barabara yake kuu ilikuwa nyembamba, mchanga umetapakaa mpaka mlangoni mwa maduka, na kila duka limetundika kofia za ukili, miwani ya jua na kanga za kupepea. Chumba chetu kilikuwa na dirisha lililoangalia bahari, na kitandani walikuwa wamekunja mataulo mawili yakawa bata wawili wanaobusiana. Mke wangu aliwakunjua bata, akajifutia uso. Lakini niliona anatabasamu.

Dada wa mapokezi alitueleza kuwa kila siku kuna jambo la kufanya wawili wawili, na siku ya mwisho kuna mashindano. Tukaanza na baiskeli ya watu wawili. Mke wangu alikaa mbele akashika usukani, nami nikakanyaga nyuma. Kesho yake tukakandwa mafuta ya nazi, kitanda kwa kitanda. Mimi nilikoroma, yeye akamwelekeza mkandaji mahali pa kubonyeza. Jioni ikaja dansi. Mfundishaji alisema mwanamume ndiye anayeongoza, mke wangu akaitikia kwa adabu, kisha akaniongoza. Tulipovaa miwani ya maji kwenda kutazama samaki, kila nikitaka kwenda kulia alinivuta kushoto, na ukweli ni kwamba samaki walikuwa kushoto. Siwezi kusema uongo, ilikuwa raha. Tulicheka kuliko tulivyocheka mwaka mzima. Ila kila usiku nilipoweka kichwa kwenye mto, nilikumbuka kuwa likizo ikiisha nitarudi kwa kuku wangu.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya kayaki, ile mitumbwi ya plastiki ya watu wawili. Mnatoka ufukweni, mnazunguka boya jekundu lililoko ndani ya maji, mnarudi. Aliyesimamia alikuwa mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni na sauti ya kusimamisha gwaride. Wote tulimwita Mama Filimbi. Alasiri ya kujifunza alitupanga mchangani, akatukagua mmoja mmoja, akanifikia mimi, akalitazama tumbo langu.

"Wewe baba, nyuma," akasema. "Mzito hukaa nyuma."

Mke wangu akauliza kwa upole nani anaendesha.

"Wa nyuma ndiye usukani, wa mbele ni injini. Na injini haiulizi inakopelekwa."

Miaka yote tumbo langu lilikuwa la kutaniwa, na siku hiyo likanipa cheo. Nilikaa nyuma kama waziri.

Cheo hakikudumu. Tulipoingia majini, nilipiga kasia kushoto ili tuelekee kulia, na mke wangu akapiga kulia ili turudi kushoto. Nilipotaka kunyoosha, alichovya kasia akatusimamisha. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na chetu hakikupata hata bahati ya kwenda mrama, kilizunguka palepale. Maharusi wa chumba cha jirani, ambao walikuwa wakipiga makasia mawili na busu moja, walitupita wakicheka. Tukapitwa hata na karani mstaafu wa benki na mkewe, wenye mvi wote wawili, wanaokwenda taratibu kama watu wanaofuata pensheni yao. Nilipandwa na hasira. Tulipogusa ufukwe nikatupa kasia mchangani, nikaenda zangu chumbani bila kungoja mtu.

Alikuja akanikuta nimekaa kitandani na ile kaptura ya maua, imelowa. Akakaa kando yangu. Nilimwambia yote, bila kupima maneno. Nilimwambia kwamba mama yake anaendesha, daktari wa meno anaendesha, hata yule wa miwani ya chupa anaendesha. Nikamuuliza mimi nina ubaya gani.

Alichezea ncha ya taulo.

"Wewe si dereva mbaya," akasema. "Wale wengine wakigonga, nitapoteza gari. Wewe ukigonga nimepoteza kila kitu. Mguu unashuka wenyewe, baba watoto. Hauniulizi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na mtu akikunyima ugomvi uliokwisha kuupasha moto, unabaki nao mkononi hujui pa kuuweka. Nikamwomba kitu kimoja tu. Kesho, kutoka ufukweni mpaka boya na kurudi, aniachie. Tukipinduka, basi, tumevaa majaketi ya kuokolea, tutaelea na kucheka. Akasema atajaribu. Hakuahidi, na mimi namjua, akiahidi hutimiza.

Asubuhi bahari iling'aa mpaka macho yanauma. Watu wa hoteli walijaa ufukweni, wapishi na kofia zao, wafua nguo, dada wa mapokezi kashika kipaza sauti. Mama Filimbi akapuliza. Maharusi wakachomoka, wazee wakafuata, sisi tukajikokota nyuma yao, na mimi mwili mzima ulikuwa unasisimka kama siku ya kuposa.

Mke wangu alipiga kasia. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, kwa mwendo mmoja, kama cherehani nzuri. Nami nyuma yake nikaanza kuona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kwenye gari, kila siku, jicho langu moja huwa barabarani na jingine kwenye mguu wake wa kulia. Naendesha nikiuvizia ule mguu, umenyanyuka, haujanyanyuka, unataka kushuka. Njia panda naiona imeshafika. Hapa mbele yangu palikuwa na mgongo wake tu, na jaketi la rangi ya chungwa, na kilemba chake kilichofungwa kwa haraka. Mguu sikuuona. Basi nikaitazama bahari. Niliona mawimbi madogo yanavyokuja kwa mafungu, nikaona mahali yanapolegea, nikajua mapema wapi nipinde. Nilikuwa naendesha. Mimi, fundi makochi, nilikuwa naendesha, na nilitaka kupiga kelele watu wote wa ufukweni wajue.

Tukawafikia maharusi kwenye boya. Walikuwa wamelikaribia mno, mtumbwi wao ukageuka ubavu, ukatukatia njia. Hapo ndipo nilipousikia. Du! Mguu wa mke wangu uliikanyaga sakafu ya plastiki kwa nguvu zote mpaka mtumbwi ukatetemeka. Du! tena.

"Breki haipo, mke wangu," nikamwambia. "Piga kasia."

Mabega yake yalipanda juu, yakakaa hukohuko kwa pumzi moja. Nilijua anapigana na nini. Kasia lake lilikuwa hewani, na angeweza kulichovya upande wowote, akatuokoa kwa njia yake na kuniua kwa njia yake. Kisha mabega yakashuka. Akapiga kushoto. Akapiga kulia. Hakugeuka nyuma. Nami nikakandamiza kasia langu nyuma upande wa kulia, pua ya mtumbwi ikazunguka, tukapita kati ya boya na maharusi, pembamba kiasi kwamba bwana harusi alikunja mkono wake. Mke wangu akaanza kucheka, akacheka njia nzima ya kurudi huku akipiga kasia, na mimi nikicheka naye, maji ya chumvi yakituingia kinywani.

Tulikuwa wa pili. Wazee wa benki walikuwa wameshafika zamani, wameshajifuta, wanakunywa maji ya madafu. Hawakuwa wameharakisha hata kidogo, walikuwa tu hawajagombana popote njiani. Mama Filimbi alitupa zawadi ya mshindi wa pili, kofia moja ya ukili kwa watu wawili. Nilimvalisha mke wangu. Akaivua akanivalisha mimi.

Kesho yake tulifungasha. Niliburuta mabegi mpaka kwenye gari la shule, nikayapakia, kisha nikazunguka kwenda kufungua mlango wa abiria kama kawaida yangu. Mke wangu alikuwa ameshakaa hapo. Kiti cha dereva kilikuwa wazi, ufunguo unaning'inia.

Niliingia, nikafunga mkanda, nikarekebisha vioo vyote kama alivyonifundisha. Nikatoa gari langoni polepole. Mbele yetu lori la mchanga lilikuwa likirudi nyuma kuingia barabarani, na macho yangu, kwa mazoea, yakateleza yenyewe kuelekea chini upande wake.

Mguu haukuwepo. Alikuwa amevua viatu, amekunja miguu yote miwili juu ya kiti, amekaa kama mtu aliye mkekani nyumbani kwao. Viatu vyake vilikuwa chini, peke yao, kando ya breki. Mikono alikuwa ameifumbata, vidole vimebana mpaka vimepauka, na midomo imekazwa. Alikuwa anaogopa, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini miguu ilikuwa juu.

Nikarudisha macho barabarani. Nikasimama mapema, lori likapita, nikaondoka.

Tuliacha maduka ya kofia, tukapanda kilima, tukashuka, tukapita mzunguko wa barabara wenye magari ya kila aina, na mimi niliona kila kitu kabla hakijafika. Vidole vyake vililegea mahali fulani baada ya ule mzunguko. Baadaye kichwa kikainamia dirishani. Mwalimu wa udereva, ambaye katika maisha yake hajawahi kufumba macho ndani ya gari linaloendeshwa na mtu mwingine, alikuwa amelala. Nikaendesha kana kwamba nimepakia mayai.

Nilipofika mtaani kwetu sikuwa na moyo wa kumwamsha. Nikapita nyumba yetu. Nikapita karakana, pikapu na kuku wake. Mama mkwe alikuwa kibarazani kwake, akaniona nashika usukani, akasimama wima. Nikampigia honi kidogo, kwa heshima zote. Kisha nikazunguka mtaa mara ya pili, kwa raha zangu, nikakata kona ya mwisho.

"Indiketa ya kulia bado inawaka," mke wangu akasema, macho yamefumbwa.

Nikaizima.

"Na Jumatatu uvae shati la maana," akasema. "Wanaotahini hawapendi maua."

Akaikunja miguu vizuri zaidi juu ya kiti, akaniambia nizunguke tena.