Mdai wa Ukurasa wa Arobaini

Jumanne ya mahakama huko Hathercombe, Devon, Thomasin Pardew alifika kwa karani na jibini mbili kikapuni na malalamiko yaleyale tangu afiwe na mumewe. Jirani yake, Bwana Holcroft, alikuwa amesogeza ua wake wa miiba na kuyameza malisho ya mjane huyo yote. Ng'ombe mmoja tu wa Thomasin, ambaye ndiye maziwa na ndiye jibini, sasa alikula majani ya kando ya barabara.

Karani Gilbert Yeo alifungua kitabu chake cha mifano ya hati, akanakili ukurasa wa arobaini neno kwa neno, pamoja na jina la mdai wa mfano, Walter Attwater.

"Mimi ni Thomasin," mama alisema.

"Mwezi jana nilibadilisha neno moja tu la kitabu hiki, kesi ikatupwa. Unataka na yako itupwe?"

"Nataka jina langu!"

"Halimo humu, mama. Nitalitoa wapi?"

Walter Attwater akashuka kutoka ukurasani, akakung'uta vumbi magotini na kuuliza mahakama iko wapi. Karani akamwonyesha kwa kalamu, kisha akaendelea kuandika.

Kesi yenyewe haikuchukua hata muda wa kumenya tufaha. Hakimu alilinganisha hati na nakala yake ya kitabu, akaona kila neno limekaa mahali pake, akampa Walter Attwater malisho.

"Mheshimiwa, mtu huyu hata hajulikani hapa!" Thomasin alipiga kelele.

"Anajulikana kuliko wewe, mama. Yumo katika kila nakala."

Holcroft aliurudisha ua wake siku hiyohiyo, bila kinyongo. Walter akaingia katikati ya malisho, akasimama. Hakulima, hakufuga, hakula. Thomasin alipomleta ng'ombe, alimzuia langoni.

"Akiingia ni kosa. Lipo ukurasa wa arobaini na mbili."

"Wewe huna hata mbuzi! Nyasi zote hizi za nini?"

"Sina, kweli. Kitabu hakikunipa," Walter alijibu kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Thomasin kuliko dhuluma ya Holcroft. Alilia kwa hasira njia nzima, huku akimvuta ng'ombe kwa kamba.

Jumanne iliyofuata alirudi kwa karani na jibini moja, tena ndogo. Akaketi kwenye kigoda.

"Safari hii andika jina langu, hata ikitupwa na itupwe."

"Tulia, mama. Kumbe kuna ukurasa wa wajane kabisa," karani alisema, akachovya kalamu na kuanza kunakili.

Wino ulikuwa haujakauka. Mwanamke mwenye nguo nyeusi alikuwa mlangoni, akifuta matope viatuni. Karani akamwamkia kwa jina alilotoka kulinakili, kisha akamwomba Thomasin ampishe kwenye kigoda.