Ndevu za Jitu la Darajani

Kinyozi alikuwa na kipara kinachong'aa kama sufuria mpya. Kwa hiyo binti yake alipomfungulia gemu na kumwambia, "Baba, tengeneza mtu unayemtaka," kitu cha kwanza alichompa mtu huyo ni nywele.

Gemu ilikuwa ya binti, fundi simu wa mlango wa pili. Mchana wateja wakipungua aliileta na kuiunganisha kwenye televisheni ya kibanda cha baba yake. Ndani yake mlikuwa na nchi nzima: misitu, mapango, majoka, na daraja moja refu. Ng'ambo ya daraja kulikuwa na mji ambao binti hajawahi kuuona, maana darajani palikaa jitu. Mashujaa wake wote, wenye vifua kama milango, walipondwa pale pale. Na kwenye gemu hiyo aliyekufa amekufa. Anafutwa, sura na jina, unaanza upya.

Kinyozi alimfinyanga mtu wake kwa siku kadhaa. Akamchonga pua, akampandisha nyusi, akamrudishia nywele alizokuwa nazo yeye kabla ya kuoa. Ulipofika wakati wa kugawa uwezo hakuuliza mtu. Wote akaumwaga kwenye ulimi na wepesi wa mikono. Kwenye nguvu hakuweka hata chembe.

"Baba! Umetengeneza maiti!"

"Nimetengeneza kinyozi."

"Kinyozi anakwenda kufanya nini kwenye nchi ya majitu?"

"Majitu hayaoti ndevu?"

Shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu asiyebanduka kwenye benchi la wateja na wala hanyolewi, alicheka mpaka akajipiga mapaja. "Kinyozi hajinyoi, shemeji. Leo jitu litakunyoa wewe."

Kinyozi aliikamata vizuri pedi ya kuchezea gemu. Viganja vilikuwa vimeloa jasho, pedi inateleza. Alikuwa ameshampenda yule kijana wa kwenye kioo cha televisheni kama mtu anavyopenda picha yake ya ujana. Akipondwa, nywele zile hazirudi tena. Alizipoteza mara moja, hakutaka kuzipoteza mara ya pili.

Akamsogeza mpaka darajani.

Jitu likapanda kutoka chini, rungu begani. Ndevu zilikuwa zimesokotana kama kamba za kufungia ng'ombe, zimenasa majani na miiba ya samaki. Chini ya kioo yakatokea maneno ya kuchagua: pigana, au kimbia. Halafu, taratibu, likajitokeza la tatu: "Ndugu yangu, nani alikunyoa mara ya mwisho?"

Binti aliruka kutoka kitini. "Hilo sijawahi kuliona!"

"Utalionaje, na wewe ulikuwa misuli mitupu?"

Akabonyeza. Jitu likasita. Likashusha rungu, likakaa kitako, daraja zima likatetemeka. Likasema tangu lizaliwe, kilichowahi kuugusa uso wake ni upanga tu.

"Maneno matamu humtoa nyoka pangoni," alinong'ona shemeji, hacheki tena.

Kazi ikaanza. Kidole kikikosea kidogo, wembe unakwaruza na jitu linanguruma. Kinyozi alinyoa shavu la kulia, akashuka kidevuni, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Hapo mlango ukafunguka, akaingia mteja na begi lake.

"Kinyozi, fanya haraka, nina safari."

"Kaa. Kuna mteja mbele yako."

Mteja alitazama kiti kitupu. Shemeji akamwelekeza kwenye televisheni.

Shavu la kushoto nalo likaisha, na wembe ulipofika shingoni yakaja maneno mapya, mekundu: kata koo.

"Kata, Baba!" Binti alikuwa amemshika bega. "Ukilimaliza daraja ni letu! Likiinuka na hasira, huna nguvu hata ya kulikwepa!"

"Kata, shemeji!"

"Sikati."

"Baba, ni gemu tu!"

"Ni gemu, lakini yule ni kinyozi. Kinyozi akimchinja mteja kitini, nani atakaa tena?"

Akachagua kufuta sabuni.

Jitu likasimama. Likaokota rungu. Shemeji akafunika uso kwa kofia. Jitu likaenda ukingoni, likainama juu ya maji, likageuza shavu la kulia, likageuza la kushoto, likapapasa kidevu, sawasawa na wateja wote wa dunia wanavyofanya mbele ya kioo. Kisha likalitupa rungu mtoni, likasogea kando.

Binti alipiga kelele mpaka mikasi ikatikisika mezani. Kijana wa Baba alivuka mbio, nywele zinapepea, na mji ukafunguka mbele yao: minara, ngazi, soko, na watu wamejaa, kila mmoja na kichwa chake.

"Tazama ndevu zile!" Kinyozi alikuwa amesimama. "Tazama yule! Na yule! Mji mzima haujanyolewa!"

Mteja aliliweka begi sakafuni na kuvuta benchi mbele.

"Pinda kushoto," alisema. "Pale kwenye kivuli, penye kiti. Pale watu watapita wengi."