Nyama ya Jumatano

Jumatatu saa mbili asubuhi mpishi wa hospitali alifungua chumba cha nyama, akaziba pua kwa aproni. Mzigo ulikuwa umeletwa kama kawaida: nyama ya kijani, inateleza kama kamasi, funza wanajivinjari mbavuni.

Hakushtuka. Muda wa chumba kile huenda nyuma. Jumanne funza hunywea na kuwa mayai, kisha nzi huingia kinyumenyume, kila mmoja akachukua yake. Jumatano nyama ni nyekundu, unaweza kumwandalia mkwe. Ndiyo maana msimamizi wa stoo huagiza iliyooza tu, ya bei ya kutupa, na mkaguzi wa nyama huja Jumatano tu.

Ubaya ni kwamba nyama ikishatoka mlangoni, muda wake hurudi njia ya kawaida, tena mbio. Ikifika tumboni imeshaoza upya. Wiki iliyopita mama yake mpishi, aliyelazwa kwa mguu uliovunjika, alitapika mpaka nyongo.

Kwenye kitanda jirani alilala mwalimu wa fizikia, mama mmoja mkavu aliyestaafu zamani.

"Kwenye hesabu zetu, baba, muda hauna mbele wala nyuma," alimwambia mpishi. "Ukizigeuza zinatoka vilevile. Kinachotuonyesha upande ni kuoza."

"Basi msimamizi kaushinda uozo, mwalimu."

"Ameushinda wapi! Ameuhamishia kwetu."

Jumatatu hiyo mkaguzi alikuja kumwona shemeji yake wodini. Mpishi akamvuta mkono mpaka chumba cha nyama. Mkaguzi akatazama funza, akatema mate.

"Keshokutwa watakuwepo?"

"Hawatakuwepo, mzee. Lakini wagonjwa..."

"Mimi nakagua nyama, sikagui matumbo."

Akagonga mhuri wa Jumatano palepale, kujipunguzia safari. Msimamizi wa stoo alicheka mlangoni.

"Wewe nawe kwa kiherehere! Kama ni mama, si umletee chakula cha nyumbani? Nani kakukataza?"

Hakuna aliyemkataza. Tangu siku hiyo mpishi humletea mama yake uji na mayai kwenye hotipoti, na mama hula amegeukia ukutani. Kisha mpishi husukuma toroli lenye sufuria la mchuzi, kitanda hadi kitanda. Mwalimu, ambaye hana mtu wa kumletea, hupokea bakuli, hulinusa, humtazama mpishi usoni, halafu hula.

"Ahsante, baba," husema.

Mpishi huenda kitanda kinachofuata.