Ndege Iliyokalia Mkia

Mimi hujenga vifaru vya vita, vile vidogo vya plastiki. Kifaru kina adabu: ukikiweka mezani kinatulia, hakina mabawa ya kukatika wala vioo vya kuingia ukungu wa gundi. Wajenzi wa ndege ni watu wa majivuno, na aliyewazidi wote katika chama chetu cha modeli pale mjini Skipton alikuwa Clifford Ackroyd.

Clifford alikuwa na tabia moja iliyonitia wazimu. Alijenga hata kile ambacho hakuna jicho lingekiona. Kiti cha rubani alikifungia mikanda ya karatasi yenye vifungo vya waya, kisha akakifunika kwa kioo na kukipaka kioo chenyewe vumbi.

"Sasa nani ataona?" nilimwuliza siku moja.

"Mimi najua vipo, Winnie mpenzi. Vifaru vyako ndani vina nini? Hewa tupu."

Kisha kiharusi kikampiga, na mkono wa kulia ukawa mzigo wa kubebwa. Hujafa hujaumbika. Mwenyekiti wetu, Nigel Threlfall, akaamua kumtendea wema, na wema wa Nigel huwa una harufu. Alisimama mkutanoni akapendekeza Clifford afanywe mlezi wa heshima. Apewe kiti chenye mto karibu na mlango, akaribishe wageni siku ya mashindano, na meza yake ya kazi ichukuliwe na mwingine.

"Mlangoni hukaa paka," Clifford akasema. Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo, lakini kila mtu aliyasikia. "Mimi nitaingiza ndege mashindanoni. Nisipochukua ngao ya ushindi, chukueni meza, chukueni na brashi zangu, mgawane."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza, lakini neno lilikwisha toka.

Aliijenga ndege ya vita iitwayo Airacobra kwa mkono wa kushoto majira yote ya baridi. Vipande alivishika kwa vibanio vya nguo, kwa udongo wa kubandika, na vingine kwa meno. Vilivyomponyoka viliruka vikamezwa na zulia, naye akapiga magoti akavitafuta kwa tochi huku akilitukana zulia kama mtu. Ndege halisi ya aina hiyo ililetwa huku kwetu kutoka Amerika wakati wa vita, na marubani wetu hawakuipenda hata kidogo. Injini yake iko nyuma ya rubani, na puani mna mzinga na bunduki. Clifford, kama nilivyojua, aliujenga mzinga, akazijenga bunduki, akazilaza na mikanda yake ya risasi, kisha akavifungia vyote humo kwa vifuniko viwili vilivyoshikwa na gundi nyeupe, ile isiyoshika sana. Nani ataona? Sikuuliza tena.

Siku ya mashindano ukumbi wa kanisa ulinuka chai na rangi mbichi. Clifford akalifungua sanduku lake, akatoa ubao mdogo wenye majani ya bandia, akaiweka ndege juu yake. Ilikuwa nzuri mpaka nikaona wivu, mimi mtu wa vifaru. Rangi imechakaa pale tu buti za mafundi zilipopita, na moshi umepaka tumbo lake.

Akaiachia. Pua ikainuka polepole, gurudumu la mbele likaning'inia hewani, na mkia ukakaa chini kwenye majani.

Tulielewa wote papo hapo. Ndege yenye gurudumu chini ya pua lazima ujaze uzito puani, la sivyo inakaa kwa matako. Hata mtoto wa chama chetu anafundishwa hilo kabla ya kushika gundi. Lakini pua ya Clifford ilijaa bunduki zake za siri, hapakubaki nafasi ya uzito, na bunduki za plastiki hazina uzito wa nzi. Magurudumu alikuwa ameyabandika jana yake akaiacha ndege imelala chali ikauke. Haikuwahi kusimama hata mara moja.

Sisi tuna kengele. Ndege ya mtu ikikalia mkia, kengele inapigwa, na mwenyewe anavaa aproni yenye maua na kuosha vikombe vyote vya siku hiyo. Nigel aliipiga kengele kwa raha ambayo sitamsamehe.

"Pole sana, mzee wangu," akasema. "Hakuna aibu. Njoo ukae kitini, nitakuletea kipande cha keki."

Watu walicheka, halafu wakamwona Clifford usoni wakaacha. Aliiangalia ndege yake kama anayemwangalia mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni. Mimi machozi yalinijia, nasema kweli, na hasira juu yake.

"Clifford," nikamnong'oneza, "tuondoke."

Alikuwa anaikodolea macho pua ile iliyoinuka. Kisha ule upande mmoja wa mdomo wake ukacheka.

"Majaji wanaingia lini?"

"Tukishakunywa chai."

"Basi niletee chai. Na njiti za kiberiti."

Kanuni zetu zinakataza mkono wa mwingine kugusa kazi yako. Hazikatazi kumletea mtu chai.

Alichukua wembe kwa mkono wa kushoto. Nikageuka nisione, kisha nikaona kwamba siwezi kutoona. Aliingiza ncha ya wembe kwenye ukingo wa kifuniko, akavuta pumzi, akasukuma. Gundi ikaachia bila kukwaruza rangi. Akafungua na cha pili. Akautoa mzinga kwa kibano, akatoa na bunduki moja baada ya nyingine.

Mfuko wa chai aliupasua kwa meno, akamwaga majani, akaukausha juu ya hita. Ile karatasi yake ya kahawia ikawa turubai la mafundi. Akalitandika kwenye nyasi chini ya bawa, akazipanga bunduki juu yake. Kisha akaanza kubandika njiti. Ya kwanza ilivunjika, ya pili ikamganda kidoleni, na Nigel akapita akikohoa kikohozi cha huruma. Mwisho pakasimama kigoda kidogo cha miguu minne. Hakukiweka chini ya mkia. Alikiweka kando, kwenye nyasi, mbali kidogo.

Jaji mkuu alikuwa Bi. Lumb kutoka Leeds, mwanamke ambaye hatukuwahi kumwona akitabasamu. Aliinama na tochi yake. Akamulika turubai, akamulika bunduki, akaingiza mwanga ndani ya pua iliyo wazi, akachungulia humo muda mrefu. Akamulika mkia, kisha kile kigoda. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mafundi wamezitoa bunduki, pua ikawa nyepesi," akasema, akijifuta macho, "na kigoda cha kuegemeza mkia wamekisahau pale! Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa ndege vitani. Aliwahi kutukanwa kwa kosa hilihili. Nani kaijenga hii?"

"Mimi," Clifford akasema.

"Kwa mkono upi?"

Akauinua wa kushoto. Ukumbi mzima ukalipuka, na mimi nilipiga kelele kuliko wote, mpaka kifaru changu kikaanguka chini kikavunjika mnyororo. Kuteleza si kuanguka, jamani! Clifford alipotajwa kuwa mshindi wa ngao, ilibidi Nigel mwenyewe aichukue ukutani na kumkabidhi.

"Hongera, Clifford," akasema. "Ile meza, bila shaka, ni yako."

"Najua. Niletee aproni."

"Aproni ya nini? Umeshinda, bwana!"

"Ndege imekalia mkia, na kengele umepiga mwenyewe. Desturi ni desturi."

Akajifunga ile aproni ya maua, ngao akaiegemeza dirishani mahali anapoiona, akaingiza mkono wake wa kushoto kwenye maji ya sabuni. Nigel alisimama pembeni na kitambaa, akipokea na kufuta. Vikombe vilikuwa vya ukumbi mzima, na hakikuvunjika hata kimoja.