Nafasi ya Maiti

Walimlaza Maryvonne Kerdoncuff juu ya meza ya chuma, katika chumba cha maiti cha hospitali iliyofungwa nje kidogo ya mji wa Roubaix, Ufaransa. Ilikuwa Januari, na mashine ya kupasha chumba joto ilikuwa imezimwa kwa sababu mngurumo wake ungeingia kwenye filamu. Mpambaji alimpaka rangi ya majivu midomoni, ingawa baridi ilikwisha kufanya nusu ya kazi hiyo.

"Usipumue kwa kifua, bibie," alisema Corinne, msaidizi wa mwongozaji. "Pumulia tumboni."

"Najua."

Alijua mengi. Alianza jukwaani huko Lyon akiwa kigori, na ukumbi mzima ulikuwa ukinyamaza akinong'ona. Kisha mwongozaji Gontran Delvaille akamtia kwenye filamu. Siku ya kuigiza kilio, machozi yalikataa. Delvaille akamzaba kofi huku kamera ikinasa. Filamu ikapata tuzo, magazeti yakayasifu machozi yale. Redioni wakamuuliza siri yake ni nini, naye akasema kweli: nilipigwa.

Tangu hapo simu yake ikafa. Akabaki kuigiza kwenye kumbi za shule na kutangaza vifaa vya wasiosikia vizuri, hadi mvi zikamjaa. Ndipo Delvaille mwenyewe akampigia. "Maryvonne wangu, yaliyopita si ndwele. Nina nafasi ya maiti."

Akaitika hata kabla hajaulizwa.

Ysaline, binti aliyeigiza mwanawe, alimwinamia akiwa bado na koti lake begani.

"Mama, wewe ulishafanya kazi na mzee Delvaille. Eti ni kweli wanayosema?"

Corinne alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, vifaa vya kusikilizia vikining'inia shingoni.

"Msikilize tu, mwanangu," alisema Maryvonne. "Utafika mbali."

Kamera ikaanza. Ysaline akaingia, akalifunua shuka, akaita mama. Sauti ilikuwa nzuri, macho makavu. Wakarudia. Makavu.

"Unamlilia mama yako au unangoja basi?" Delvaille aliuliza, na baadhi ya watu wakacheka. "Msizime kamera."

Maryvonne alisikia viatu vya Delvaille vikija. Kisha akasikia kofi.

Hakuna aliyecheka sasa. Aliitafuta hasira ndani yake, akapapasa huku na huku, asiione. Alichokipata ni pumzi yake tumboni, ndogo, ya taratibu. Ysaline alimwangukia kifuani, akalia kwa kwikwi, machozi ya moto yakipenya shuka. "Mama! Mama!" Chini ya shuka, vidole vyake viliubana mkono wa Maryvonne, vikautikisa. Kisha sauti ikashuka sikioni pake, haikuwa tena ya mchezo.

"Mwambie aache. Wewe anakujua. Mwambie."

Maryvonne alikuwa amekufa. Alilala.

"Kata!" Delvaille alipiga makofi, na wengine wote wakafuata. Akamgonga Maryvonne unyayoni kama mtu anayempongeza farasi. "Na wewe hata ukope haukucheza. Kumbe nilikukosa miaka yote hii!"

"Inatosha, mzee?" Corinne aliuliza.

"Moja tena, kwa usalama."

Mpambaji akamjia Ysaline na kitambaa, akamfuta machozi, akachovya brashi ili aufunike wekundu wa shavu.

"Hapo paache," alisema Delvaille. "Pako vizuri."

Ysaline alikuwa bado ameushika ule mkono. Alimtazama mwanamke aliyelala mezani, macho yao yakakutana, akangoja.

Hakuna aliyemwambia Maryvonne ajiandae. Alifumba macho mwenyewe.