Mkono wa Kuume wa Taha

Mwalimu Kirimi aliletwa Siyu kufundisha hesabu. Besiboli alikuja nayo mwenyewe, hakuna aliyemwagiza. Watoto waliupenda mchezo huo, na hakuna aliyeupenda kama Taha, mwana wa Husseini mshona makubadhi, viatu vya ngozi. Taha alikuwa mdakaji. Kazi yake ilikuwa kuchuchumaa nyuma ya mpigaji, uso ndani ya kinyago cha chuma, na kudaka kila mpira uliolikosa gongo.

Kirimi alianza kwa kumfunza usalama. Mkono wa kushoto una glavu nene, ile Husseini aliyoishona upya kwa ngozi ya ng'ombe. Wa kuume ni mtupu, basi uufiche mgongoni mpaka mpira uingie. Taha akawa anauficha, hata usingizini labda.

Ikaja mechi na watoto wa Amu, wepesi hao! Kabla Taha hajarusha mpira kumzuia, mmoja wao keshakimbia akafika kituo cha mbele. Kirimi, ambaye kushindwa humkwama kooni kama mwiba wa samaki, akamwita mtoto kando.

"Toa mkono, uweke karibu na glavu. Utarusha haraka."

"Si ulisema niufiche, mwalimu?"

"Leo toa!"

Akautoa. Mpira uliofuata ulikwaruza gongo, ukapinda, ukamvunja kidole cha shahada.

Ijumaa yake Kirimi alikuwa mkekani kwa Husseini, mbele ya sinia ya wali, amealikwa ashukuriwe kwa kumkimbiza mtoto hospitali. Ashukuriwe, jamani! Taha aliketi pale pale siniani, mkono umefungwa plasta, hali kitu. Kula kwa kushoto hataki. Siku hizi mamake ndiye humtia tonge kinywani, lakini mbele ya mgeni aliona haya.

"Mwalimu kamfunda afite mkono," Husseini akasema. "Asosikia la mkuu huvundika guu. Huyu kavundika chanda. Mtezo umekwisha. Glavu ile taifumua nishone makubadhi."

Kirimi akamtazama Taha, akingoja ajitetee. Taha aliinama tu. Mtoto wa miaka kumi na moja alikuwa amemsitiri mwalimu wake nyumbani kwa babake mwenyewe, na Kirimi aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Angeweza kunyamaza. Wali ungeliwa, dua ingeombwa, na glavu ingefumuliwa.

"Alisikia, Bwana Husseini," akasema. "Siku zote aliuficha. Mimi ndiye niliyemwamuru autoe, kwa uchu wa kushinda. Aliniuliza, nikamfokea. Amevunjika kwa kunisikia mimi."

Husseini akaacha kula. Kirimi alikuwa tayari kufukuzwa, na angeondoka bila kinyongo.

"Wako wa kuume ni mzima?" Husseini akauliza.

"Ni mzima."

"Basi mlishe."

Kirimi, mtu wa bara aliyezoea kijiko, akafinyanga tonge. Halikushikana vizuri, nusu ya wali ikamwagika mkekani. Akalipeleka hivyo hivyo. Taha akafungua kinywa, macho wazi, bila kupepesa, kama alivyofunzwa kuungoja mpira.

"Baba, glavu usiifumue," akasema, shavu limejaa.

"Meza kwanda," Husseini akajibu, akamsogezea Kirimi sinia.