Kamba ya Mama Nyangi

Mama Nyangi alifungua mdomo kabla sijavaa glavu.

"Chukua, Msukuma. Mate yapo ya kutosha."

"Shikamoo, mama. Nikiyamaliza, kesho utanitukana kwa mate gani?"

Akacheka. Tangu shimo la dhahabu la Matongo liwake moto na kuporomoka, chumba changu pale hospitalini kilikuwa hakijasikia kicheko. Maiti zilitoka hazitambuliki. Moja, alisema, ni ya mwanawe Nchagwa. Kazi yangu ilikuwa kuchukua sampuli za ndugu zikapimwe vinasaba mjini, na nilikuwa nimechoka mpaka kwenye kucha.

"Moto si umeviunguza hivyo vinasaba?"

Alikuwa amekaa kwenye benchi akisokota kamba ya ndama pajani, nyuzi mbili za katani. Nikaishika.

"Viko hivi hivi, mama, nyuzi mbili zimesokotana. Ukivivuta, vinanyooka, halafu ghafla msokoto unalegea, vinarefuka. Havikatiki upesi. Ukivipasha moto, nyuzi zinaachana. Vikipoa, kila uzi unatafuta mwenzake. Moto mkali unaviharibu, ila ndani ya jino huwa vinabaki."

"Basi uzi wake utanitafuta mimi."

Mlangoni, mwanamke aliyekuja naye akainamisha uso. Nilikuwa nimeuona mwanya wake wa meno. Kwenye picha ya Nchagwa, mezani kwangu, kulikuwa na mwanya huohuo.

Nimekaa Tarime miaka mingi, nikaelewa. Nyumba ntobhu: mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke, na watoto wanaozaliwa ni wake. Nchagwa alikuwa wa Nyangi kwa kila kitu, isipokuwa uzi. Kwa mate yale peke yake, majibu yangemkataa, angezikwa kama mtu asiye na kwao.

"Mama, naomba na mate ya huyu."

"Huyu ni mke wangu. Mwenye mtoto ni mimi."

"Najua. Ng'ombe ulitoa wewe. Ila mashine ya mjini ni mshamba, haijui ng'ombe."

Hakucheka. Kamba ikasimama pajani.

"Agatha," akasema mwishowe. "Fungua mdomo."

Majibu yalipokuja, walimfuata mtoto wao kwa pikapu. Jeneza lilifungwa kwa kamba ileile. Mama Nyangi alikuwa ameshika ncha moja, Agatha nyingine. Gari lilipoanza kupanda kilima, kamba ikavutika, ikanyooka. Nilisimama nikiitazama mpaka wakakata kona.

Nikarudi ndani. Kwenye benchi kulikuwa na wengine.